Songwe Mbili: Jinsi Maji ya Ileje Yalivyoingia Ramanini

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Tunduma huvuka daraja la Mto Songwe kabla hajaingia Mbozi. Akifika Mpemba akaiacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto kuelekea Itumba na Isongole, ataingia katika milima ya Ileje, na akiteremka mpaka mpakani mwa Malawi atakutana tena na Mto Songwe. Mgeni hudhani ni mto uleule umejipinda. Sivyo. Songwe wa kwanza unakwenda kaskazini na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Songwe wa pili unakwenda kusini-mashariki, takribani kilomita 200, na kuishia Ziwa Nyasa, ambako maji yake hutoka tena kwa Mto Shire, huingia Zambezi na hatimaye hufika Bahari ya Hindi. Mito hii miwili ina jina moja, lakini maji yake hayakutani popote.

Ili kuelewa jambo hili lilivyowahangaisha wachora ramani kwa zaidi ya miaka mia, yafaa tuanze na ardhi yenyewe. Bonde la Ufa hapa lina mikono miwili: mmoja umebeba Rukwa na mwingine umebeba Nyasa. Katikati yake nchi imebaki juu, na mvua inayonyesha juu ya mgongo huo haina budi kuchagua upande. Tena upande wa tatu upo. Karibu na Tunduma, vijito vinavyoelekea kusini huingia Zambia, hufuata Mto Chambeshi na kwenda kuwa sehemu ya Kongo, mto unaomwagika Bahari ya Atlantiki. Ileje, mgawanyo huu wa maji unaonekana kwa macho, kwa kuwa milima ni mikali na mabonde ni ya kina. Tunduma ni kinyume chake: nchi imelala karibu sawa, na mtu anaweza kuvuka kutoka maji ya Rukwa hadi maji ya Kongo bila miguu yake kuhisi kilima. Shida ya wapimaji wa baadaye ilizaliwa katika tofauti hiyo.

Wenyeji hawakuwa na shida hiyo. Wandali wa milimani, Walambya wa mabonde ya chini, Wanyiha wa Mbozi na Wanyamwanga wa upande wa Tunduma walizijua chemchemi zao mojamoja: ipi hukauka Oktoba, ipi haikauki, ipi ni ya ng'ombe na ipi ni ya watu. Ujuzi huo ulikuwa sahihi kwa mahali pake, ila ulikaa vichwani na ulihamishwa kwa kutembea pamoja na mwenye kujua. Jambo jingine linafaa kukumbukwa mapema. Kwa Walambya, ambao mpaka leo wanaishi Ileje na Chitipa ya Malawi, Songwe haukuwa ukingo wa nchi. Ulikuwa katikati yake.

Ramani za kwanza za maandishi zilikuja na watu waliokuwa wakipita. Mwaka 1879, Mskoti Joseph Thomson alitembea kutoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa hadi kusini mwa Ziwa Tanganyika, na mwaka huohuo mhandisi James Stewart alipita kati ya maziwa hayo kwa safari yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye, mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alijitolea kugharimia barabara kutoka Karonga, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, hadi Ziwa Tanganyika, na Stewart akapewa kazi ya kuipima na kuijenga. Alifariki mwaka 1883 barabara ikiwa bado. Hata hivyo jina la Stevenson lilibaki juu ya mstari huo, na mstari huo, kama tutakavyoona, ulikuwa na nguvu kuliko ubora wake. Kwa sehemu kubwa ulikuwa njia ya miguu iliyosafishwa.

Msafiri wa wakati ule alichoraje ramani? Alibeba dira na saa. Alipoanza kutembea aliandika mwelekeo na saa. Alipovuka kijito aliandika saa tena, akamwuliza mpagazi jina lake. Jioni alizigeuza saa kuwa maili kwa kukisia mwendo wa msafara. Usiku wenye anga safi alipima kimo cha nyota ili apate latitudo, na hilo halikuwa gumu. Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari aliupata kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Penye mita 1,500 huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Kosa la nusu nyuzi katika kipimajoto lilikuwa kosa la mita mia na zaidi katika kilima.

Longitudo ndiyo iliyowashinda. Kujua uko umbali gani mashariki au magharibi ni sawa na kujua tofauti ya saa kati ya ulipo na mahali panapojulikana. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo saa iliyopotea dakika moja tu hukusogeza robo nzima ya nyuzi, yaani zaidi ya kilomita 27 katika eneo hili. Saa zilizobebwa kichwani na wapagazi kwa miezi mitatu, juani na mvuani, zilipoteza dakika bila haya. Ndiyo maana ramani za siku zile zilionyesha mito iliyopangwa vizuri kaskazini na kusini, lakini yenye mashaka mashariki na magharibi.

Na juu ya ramani ya namna hiyo ndipo mpaka ulipowekwa. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao watu wengi wanaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Kifungu kinachotuhusu sisi kilisema kwamba mpaka utafuata pwani ya Ziwa Nyasa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe. Utaupanda mto huo mpaka unapokatwa na nyuzi ya 33 mashariki. Utaendelea nao hadi pale unapokaribia zaidi ukingo wa bonde la Kongo. Kisha utarukia ukingo huo na kuufuata hadi nyuzi ya 32. Mkataba ulitegemea ramani ya Kiingereza ya uwanda wa Nyasa na Tanganyika, iliyotayarishwa mwaka 1889. Tazama jinsi maneno yenyewe yalivyo: mto, kisha mstari wa angani, kisha mgongo unaogawa maji. Kila kimoja kilihitaji kipimo, na vipimo havikuwapo.

Kwa nini wakachagua hivyo? Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba mabwana wa Ulaya walichora mistari ovyo kwa rula. Hayatoshi, kwa sababu hapa rula haikutumika. Wangetaka rula, nyuzi ya latitudo ingewatosha. Maelezo ya pili hutaja mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, uliolitangaza bonde la Kongo kuwa eneo la biashara huria na hivyo kuwapa wanasheria ukingo uliokwisha kuwa na jina katika hati. Hayo ni kweli, lakini yanaeleza chombo kilichotumika bila kueleza lengo. Maelezo ya tatu, ambayo mimi nayaona yana uzito kuliko mengine, ni Barabara ya Stevenson. Waingereza walitaka njia ya kati ya maziwa mawili ibaki mikononi mwao, pamoja na misheni na vituo vya kampuni vilivyoifuata. Songwe na mgongo wa maji vilikuwa kaskazini ya barabara hiyo, basi vikachaguliwa. Mto ukageuka ukuta kwa ajili ya njia ambayo haukuihusu.

Miaka minane ilipita kabla mtu hajatumwa kuangalia kama maneno ya mkataba yanalingana na nchi. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilifika kwenye uwanda. Upande wa Waingereza uliongozwa na Kapteni Charles Close wa wahandisi wa jeshi, akiwa na Kapteni Boileau. Upande wa Wajerumani alikuwamo mwanafalaki Kohlschütter na afisa Glauning. Walikuwa na kitu ambacho Thomson hakuwa nacho: waya. Njia ya simu ya telegrafu ya kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokuwa ikisogezwa kutoka kusini, ilikuwa imefika ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Kwa kubadilishana ishara na kituo cha kutazamia nyota cha Cape Town, wapimaji waliweza kulinganisha saa zao na saa ya kituo hicho kwa muda wa kupepesa jicho, na longitudo ikaacha kuwa bahati nasibu.

Kutoka hapo walitumia pembetatu. Ukipima kwa uangalifu mkubwa mstari mmoja tu ardhini, kisha ukasimama kwenye ncha zake mbili na kupima pembe kuelekea kilele cha tatu, hesabu itakupa umbali wa kilele hicho bila kukifikia. Kilele kile nacho huwa ncha ya pembetatu nyingine, na mnyororo huendelea mlima kwa mlima. Nchi ya Ileje iliwafaa kwa kazi hiyo, maana vilele vyake vinaonana kwa mbali; uwanda wa Tunduma uliwapa taabu zaidi, kwa kuwa mgongo wa maji haukuwa na kilele cha kusimamia. Walipokuwa wamemaliza, mistari ya kinadharia ya 1890 ilibadilishwa kwa alama na vijito vinavyoonekana, na makubaliano mapya yakatiwa saini Berlin tarehe 23 Februari 1901. Bikoni zikachukua nafasi ya maneno. Mwaka 1899 Boileau na mwenzake Wallace walikuwa wamekwisha kuchapisha maelezo ya uwanda huo katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Kohlschütter na Glauning nao waliendelea na safari ya kupima nguvu ya uvutano kwa pendulamu katika Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Wajerumani walitaka zaidi ya mpaka. Ofisi ya ramani ya Berlin, chini ya Paul Sprigade na Max Moisel, ilikusanya daftari za maafisa, wamisionari na madaktari waliotembea kila pembe ya koloni, ikazishona kuwa ramani ya skeli ya 1:300,000. Ni kazi ya kustaajabisha, na ina aibu zake. Mahali mzungu alipopita, kila kijito kimeandikwa. Mahali asipopita, karatasi ni nyeupe, kana kwamba huko hakuna maji wala watu. Majina yaliandikwa kwa sikio la Kijerumani kutoka katika kinywa cha mpagazi ambaye mara nyingi alitoka mbali na hakujua Kindali wala Kinyiha. Wapo wanaosema kwamba hata Songwe mbili zilitokana na makosa ya namna hii. Mimi siamini. Kosa la karani hukaa karatasini, ilhali majina haya yote mawili yamekaa midomoni mwa watu wa pande zote za mgongo. Nadharia nyepesi zaidi ni kwamba nchi mbili jirani ziliuita kila moja mto wake mkubwa kwa neno lilelile, na hazikuona sababu ya kuutofautisha kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizitazama zote mbili kutoka juu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipita mikononi mwa Waingereza, na kwa muda kazi ikalala. Kilichoiamsha ni ndoto ya zamani ya David Gill, mkuu wa kituo kile cha Cape Town, aliyetaka mnyororo mmoja wa pembetatu kufuata nyuzi ya 30 mashariki kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Sehemu ya Rhodesia ya Kaskazini ilipimwa mwanzoni mwa karne. Sehemu ya Tanganyika ilimngoja mpimaji Martin Hotine, aliyeipima kati ya 1931 na 1933 magharibi mwa nchi. Kazi ile ilimfundisha kitu kimoja: kuipima Afrika yote kwa miguu kungechukua vizazi.

Mwaka 1946 Hotine huyohuyo alipewa uongozi wa idara mpya ya London ya kupima makoloni, na jibu lake likawa ndege. Wapigapicha wa jeshi la anga waliruka kwa mistari sambamba, kila picha ikifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti angani, zikitazamwa kwa pamoja kupitia stirioskopu, kila jicho na picha yake, hufanya milima isimame juu ya meza. Mchoraji aliyekaa Uingereza aliweza kufuata kimo kimoja kuzunguka mlima wa Undali na kuchora kontua bila kulowana mvua yake. Kazi ya ardhini ilipungua, ikabaki ya kuweka pointi chache za uhakika na kukusanya majina.

Matunda yake ni karatasi za 1:50,000 ambazo kila aliyesoma jiografia hadi kidato cha nne anazikumbuka, kwa furaha au vinginevyo: sentimita mbili ni kilomita moja, na karatasi moja hufunika eneo la kilomita 27 hivi kila upande. Mwalimu alitufundisha kwamba kontua zikikaribiana mlima ni mkali, na zikijikunja kama herufi V yenye ncha kuelekea juu, hapo pana kijito. Kwa mara ya kwanza mgongo unaotenganisha Songwe mbili uliweza kufuatwa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini picha ya angani ina upofu wake. Chemchemi inayotoka chini ya miti bondeni haionekani. Ndege huruka kiangazi, mawingu yakiwa machache, hivyo kijito cha msimu huonekana kama mchanga tu. Na kamera haijui jina la kitu chochote.

Uhuru ulipokuja, Tanganyika mwaka 1961, Malawi na Zambia mwaka 1964, nchi za Afrika ziliamua mjini Cairo kuiheshimu mipaka ziliyoirithi. Songwe ukabaki mpaka. Ziwani mambo hayakutulia, kwani tangu 1967 Tanzania imeshikilia kuwa mpaka ni katikati ya maji, huku Malawi ikishikilia pwani ya mkataba wa 1890. Nchi kavu, wapimaji wa Kichina walitembea upya kwenye mgongo wa uwanda ili kupata mteremko unaofaa treni, na reli ya TAZARA ikafika Tunduma mwaka 1973.

Kuna urithi mwingine unaojulikana kidogo nje ya ofisi za upimaji. Mnyororo wa nyuzi ya 30 ulikokotolewa kwa pamoja mwaka 1950, na Malawi na Zambia zikajenga ramani zao juu ya hesabu hiyo. Kenya na Tanzania zilitumia hesabu iliyorudiwa mwaka 1960. Matokeo yake, jiwe moja lililo kando ya Songwe lina namba moja kwenye ramani ya Malawi na namba nyingine kwenye ramani ya Tanzania, na tofauti yake hufika makumi ya mita. Hakuna aliyekosea. Ni mifumo miwili iliyokutana mtoni.

Makumi ya mita si kitu mlimani Ileje, ambako mto umebanwa na miamba. Kule chini, kati ya Kyela na Karonga, ni mashamba ya watu. Hapo Songwe unafika uwanda tambarare, unatua mchanga ulioubeba, unaziba mkondo wake na kutafuta mwingine. Mkulima aliyelala Tanzania anaweza kuamka na mpunga wake ng'ambo ya pili. Wengine hulaumu kilimo cha miteremkoni na ukataji wa miti huko juu. Wengine husema kuhama ndiyo tabia ya mito ya tambarare, na ingehama hata kama milima ingekuwa msitu mtupu. Yote mawili yana ukweli, ila si sawa kwa uzito: kuhama ni tabia ya mto, na udongo unaotoka juu huiongezea kasi. Tangu 1991 serikali mbili zimekuwa zikitafuta namna ya kuutuliza, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao yake Kyela, pamoja na mpango wa mabwawa matatu. Hati hiyo rasmi ililitazama bonde la Songwe kama kitu kimoja chenye pande mbili, kama Walambya walivyokuwa wakiliona.

Katika utawala wa ndani pia mgongo wa maji umerudi kuwa mpaka. Maji ya Ileje yako chini ya Bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu, na ya Vwawa na sehemu kubwa ya Tunduma yako chini ya Bodi ya Bonde la Ziwa Rukwa iliyoko Mbeya. Mkoa ulioundwa mwaka 2016 umeyabeba maji ya pande zote mbili kwa jina la Songwe, bila kusema ni Songwe upi. Na uwanja wa ndege wa Songwe, ili kukamilisha mkanganyiko, uko Mkoa wa Mbeya.

Siku hizi vimo vya nchi vinapatikana kwa urahisi ambao Close asingeuamini. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, na milima ya Ileje imo. Rada hiyo inajua mahali pa kila bonde, ingawa haijui kama bondeni mna maji ya kunywa. Kwa hiyo, kati ya 2010 na 2013, Wizara ya Maji ilituma watu kutembea tena, safari hii na vifaa vya GPS, wakaorodhesha zaidi ya vituo 60,000 vya kuchotea maji vijijini nchini kote. Zaidi ya theluthi moja havikuwa vikitoa maji. Tangu 2019 kazi ya kuvisimamia ni ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Mahali pa kituo hupatikana kwa sekunde chache, latitudo na longitudo kwa pamoja. Baada ya hapo fomu ina nafasi ya jina la kituo na hali ya maji yake kwa mwaka mzima, na kwa maswali hayo mpimaji hana budi kumngoja mwenye ndoo.